Waya Hufia Shingoni: Mwongozo Kamili wa Kukarabati na Kutengeneza Nyaya za Hedifoni na Sauti

"Shikamoo, fundi. Iafoni zangu zinapiga, ila mwimbaji kaondoka."

Kijana alikuwa mwanafunzi, kapanda daladala kutoka Nyegezi mpaka mjini Mwanza, kanikuta mezani kwangu jirani na Makoroboi. Marahaba, nikamwambia, gitaa unalisikia? Analisikia, tena kuliko zamani. Besi? Imekonda. Na mwimbaji mwenyewe? "Yuko mbali, kama anaimbia ndani ya tangi la maji." Sikuhitaji hata kuzishika. Ethi, ule uzi wa kurudisha umeme, ilikuwa imekatika, na mahali ilipokatikia nilipajua: shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini.

Miaka yote niliyokaa na pasi ya kuchomelea mkononi, kuanzia iafoni za wanafunzi mpaka nyaya za maiki za kwaya, nyaya nilizoona zimefia katikati ni chache mno, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na meno ya panya. Zilizobaki zote zilifia shingoni. Kuchomelea utakuweza kwa mchana mmoja. Kazi inayotofautisha waya wa miezi miwili na waya wa miaka sita ni namna unavyoitengeneza shingo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nyuzi tatu na safari ya kurudi

Iafoni ya stirio ina njia tatu za umeme. Ya kwanza inapeleka sauti sikio la kushoto, ya pili sikio la kulia, na ya tatu, ethi, inarudisha umeme wa pande zote mbili kwenye simu. Itazame pini yake: vipete vyeusi vya plastiki vimeigawa sehemu tatu. Ncha ni kushoto. Pete ya katikati ni kulia. Shina, ile sehemu ndefu inayobaki, ni ethi. Mpangilio ni huohuo kwenye pini nyembamba ya milimita 3.5 na kwenye ile nene ya milimita 6.35. Hiyo nene ni ya karne ya 19, enzi ambazo wahudumu wa simu waliwaunganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa pini ubaoni. Nyembamba ilizoeleka mifukoni mwa watu baada ya Sony kutoa Walkman mwaka 1979.

Ethi ikikatika, umeme hautulii. Ukikosa njia ya kurudi, unapita spika ya kushoto kisha unaingia ya kulia kinyumenyume, na kinachosikika ni ile tofauti tu iliyopo kati ya pande mbili. Mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati ya muziki, yaani sauti yao iko sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo wanafutana. Gitaa lililowekwa pembeni linabaki linadunda peke yake. Mwimbaji wa yule kijana alikuwa amepotelea hapo.

Basi ugonjwa unasomeka kabla hujashika wembe. Upande mmoja kimya: uzi wa upande huo umekatika, au spika yake imekufa. Mwimbaji katoweka: ethi. Pande zote kimya: kabla ya lolote, zima simu, chukua kijiti cha meno, toa pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa ndani ya tundu. Nimewahi kununuliwa soda kwa kazi hiyo na mteja akaondoka akiniita mganga.

Iafoni yenye maiki ina pini ya sehemu nne: kushoto, kulia, ethi, kisha maiki kwenye shina. Simu nyingi za leo zenye tundu la iafoni zinafuata mpangilio huo. Baadhi ya simu za zamani zilibadilishana sehemu mbili za mwisho, maiki ikatangulia ethi. Ukichomeka iafoni ya mpangilio mmoja kwenye simu ya mpangilio mwingine, mwimbaji anatoweka vilevile, ila ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maiki anarudi. Hapo hakuna waya uliokatika, usikate kitu.

Kutafuta palipokatika

Shingo ziko tatu: kwenye pini, kwenye njia panda pale waya unapogawanyika kwenda masikio mawili, na kwenye kikombe cha sikio. Hedifoni kubwa ina shingo ya nne, ile bawaba inayokunjwa.

Vaa iafoni, cheza sauti ya mtu anayezungumza (taarifa ya habari inafaa kuliko muziki), kisha shika waya kwa vidole viwili, kipande cha sentimita mbili, ukunje taratibu kulia na kushoto. Anza kwenye pini, panda juu kidogo kidogo. Pale sauti inapokatika na kurudi, weka alama ya kalamu. Usikunje kwa nguvu ya kutafuta ugomvi. Waya mzima nao unaweza kukatika mikononi mwako.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, iweke kwenye omu 200. Gusa shina kwa ncha ya mita moja na ncha ya pini kwa nyingine: iafoni nyingi zitasoma karibu omu 16 au 32, na utasikia mkwaruzo mdogo kwenye spika ya kushoto. Hamia kwenye pete, usomeke upande wa kulia. Namba mbili zinapaswa kulingana au kukaribiana sana. Huku umeshikilia, mwenzako akunje waya. Namba ikirukaruka umepapata. Ikiwa mita haisomi kitu hata ukunje vipi, kukatika huko hakugusani tena, au spika yenyewe imeungua, na itabidi ufungue kikombe upime moja kwa moja kwenye miguu ya spika.

Huna mita? Betri ya tochi ya volti 1.5 inatosha. Gusisha shina upande mmoja wa betri na ncha upande wa pili, mguso wa mara moja tu, iafoni ikiwa mezani na si sikioni. Spika nzima itasema "tk".

Vya kuwa navyo mezani

Pasi ya kuchomelea ya wati 30 au 40 inatosha iafoni. Kwa pini kubwa na viunganishi vya maiki, wati 60 inakusaidia kumaliza haraka kabla plastiki haijalainika. Ukipata yenye kirekebisha joto, iweke kwenye nyuzi 350. Risasi ya kuchomelea chukua nyembamba, milimita 0.8 au chini, yenye utomvu ndani (flaksi, ile dawa inayoifanya risasi ishike), ile ya mchanganyiko wa bati 60 na risasi 40: inaanza kulainika kwenye nyuzi 183 na kuyeyuka yote karibu na 190. Isiyo na madini ya risasi inataka zaidi ya nyuzi 217, na kwa mwanafunzi inachosha. Mimi bado natumia ya zamani, lakini nanawa mikono kwa sabuni nikimaliza na sili andazi kwenye meza ya kazi. Dirisha liwe wazi, maana ule moshi ni wa utomvu na unakera kifua.

Usikubali kuuziwa dawa ya kuchomelea mabati na mifereji. Ina asidi. Kiungo kitang'aa leo, baada ya miezi michache shaba imeliwa na imegeuka kijani. Utomvu wa kawaida wa elektroniki ndio wetu.

Vinavyobaki ni wembe mpya, kikata kucha kizuri, kibiriti cha gesi, sponji yenye unyevu wa kufutia pasi, mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, na mita ya bei nafuu yenye kulia "pii" waya unapokutana. Na uzi wa nyavu. Huo unaupata kwenye maduka ya zana za uvuvi huko Kirumba, chukua mwembamba wa nailoni. Nitaeleza kazi yake baadaye, na ukishauzoea hutanunua tena tepu nyeusi.

Kubadilisha pini ya iafoni

Nunua pini ya kuchomelea yenye chemchemi au mpira mrefu shingoni. Kama maiki huihitaji, chukua pini ya sehemu tatu. Ina nafasi, na simu itaisoma kama hedifoni isiyo na maiki. Ya sehemu nne ina miguu midogo iliyobanana, uifanye ukishakuwa na uzoefu. Rangi ya dhahabu kwenye pini haishiki kutu na hilo ni jambo jema, lakini anayekuambia inaongeza utamu wa sauti anakuuzia rangi.

Kata waya sentimita tatu juu ya pini ya zamani, au tano kama alama yako ya kalamu iko juu zaidi. Usiogope kupoteza urefu. Anayekata karibu sana anabaki na ule uzi uliokwisha kuchoka na kesho anarudi mezani.

Kabla hujafanya kitu kingine chochote, ingiza waya kwenye ganda la pini, chemchemi yake, na mirija miwili ya kusinyaa. Viingie sasa hivi. Kila fundi duniani amewahi kuchomelea kiungo kizuri, akakisifu, kisha akaliona ganda limelala mezani likimtazama. Mimi huwa sihesabu tena ni mara ngapi.

Sasa menya ganda la waya milimita 15. Weka wembe juu ya waya na uuzungushe waya chini ya wembe bila kukandamiza, halafu likunje ganda hapo ulipochora, litapasuka lenyewe. Ndani utakuta nyuzi laini za rangi: nyekundu mara nyingi ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na ya rangi ya shaba ni ethi. Pengine ethi ni mbili, moja kwa kila sikio, na zote zinakwenda shinani. Uzi wa rangi nyingine ukizidi, huo ni wa maiki. Ukate mfupi na uufunike usiguse wenzake. Katikati kuna nyuzi za nailoni zisizopitisha umeme. Usizikate! Hizo ndizo kamba za kubebea uzito.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Zile rangi ni vanishi, kama ya waya wa kuzungushia mota, na vanishi haipitishi umeme wala haishiki risasi. Kuikwangua kwa wembe kunakata nusu ya nyuzi. Sokota kila rangi peke yake, chovya ncha kwenye utomvu, kisha weka tone kubwa la risasi kwenye ncha ya pasi na uuzamishe uzi ndani ya tone hilo, milimita tatu tu. Hesabu mpaka tano. Utaona moshi, povu dogo, halafu ghafla risasi inanywewa na uzi unageuka wa fedha. Kama haukunywewa, futa pasi, weka tone jipya, rudia. Kibiriti nacho huondoa vanishi kwa mguso wa nusu sekunde, lakini nyuzi hizi ni nyembamba kama unywele na moto huzifanya ziwe mfano wa majani makavu. Kibiriti iwe njia ya mwisho.

Nyuzi zikiwa tayari, zipime kabla hujaziamini. Rangi zinadanganya, hasa kwenye iafoni za bei rahisi. Gusa ethi na nyekundu kwa mita, sikiliza mkwaruzo uko sikio lipi, andika. Kisha nyingine.

Ichomeke pini mpya kwenye tundu la redio bovu ili miguu yake isihame plastiki ikipata joto. Paka risasi kidogo kwenye kila mguu, ukianza na ule mrefu wa shina kwa kuwa unakula joto jingi, uache upoe. Halafu lete nyuzi moja moja: kushoto kwenye ncha, kulia kwenye pete, ethi kwenye shina. Shikilia uzi juu ya mguu, gusa kwa pasi sekunde moja au mbili, risasi mbili zikutane, ondoa pasi na usitikise mkono mpaka mng'ao utulie. Kiungo kizuri ni laini na kimelala. Kikiwa na uso wa vumbi au kimejikunja kama tone juu ya jani la mgomba, hakijashika. Ongeza utomvu, pasha tena.

Pima tena kabla ya kufunga: ncha kwa shina, pete kwa shina, halafu ncha kwa pete, ambayo inapaswa kusoma jumla ya pande mbili, tuseme karibu 64 kama kila upande ni 32. Ukisoma sifuri mahali popote, kuna unyoya wa shaba umevuka kwa jirani.

Mwisho zile nyuzi za nailoni. Zifunge fundo kwenye mbano wa mguu wa shina, zikiwa zimekaza kidogo kuliko nyuzi za shaba. Mtu akivuta waya, nailoni ivutike kwanza. Kisha kunja meno ya mbano juu ya ganda la waya. Juu ya ganda, nasema, siyo juu ya nyuzi zilizomenywa. Skrubu ganda la pini.

Yule kijana nilimfanya achomelee ethi mwenyewe. Alichoma kidole kidogo, akalaani kwa Kisukuma, akavaa iafoni. "Karudi," akasema, akaondoka bila kuuliza bei, ikabidi nimwite.

Shingo, na uzi wa nyavu

Waya unakatika kwa sababu unakunjwa mahali palepale kila siku. Pini ni ngumu, waya ni laini, na mpaka wa ugumu na ulaini ndipo shaba inapochoka. Kazi ya shingo ni kuufuta mpaka huo, ugumu upungue polepole. Ndiyo maana tone la gundi ya papo hapo kwenye mdomo wa pini ni kosa: linahamisha mpaka mbele kwa nusu sentimita tu, na waya utakatikia hapo kwa urahisi uleule.

Njia yangu nimeichukua kwa washona nyavu. Kaa siku moja uwatazame mikono, utaona wakifunga kamba isifumuke: wanaizungushia uzi na mwisho wake unapotelea ndani ya mizunguko, hakuna fundo la nje. Kwenye waya ni hivi. Kata uzi wa nailoni sentimita 50. Laza kitanzi kirefu juu ya waya, tumbo la kitanzi likielekea mbali na pini na mkia mfupi ukining'inia upande wa pini. Anza kuzungusha uzi mrefu kutokea kwenye pini, mizunguko ikibanana kama dagaa kwenye sahani, ukienda mbali na pini. Mizunguko minane ya kwanza ikaze kabisa. Minane inayofuata ikaze wastani. Ya mwisho iwe imelala tu, waya ujisikie unapumua. Ingiza ncha ya uzi kwenye tumbo la kitanzi lililobaki nje, kisha vuta ule mkia wa upande wa pini. Kitanzi kitaimeza ncha na kuipeleka chini ya mizunguko. Ikifika katikati acha, kata mikia yote miwili.

Juu yake vuta mrija wa kusinyaa wa sentimita mbili, pasha kwa kibiriti ukiwa mbali, ukipitisha moto bila kuutuliza. Kisha mrija wa pili, mrefu zaidi kwa sentimita moja, juu ya huo. Sasa shingo ina ngazi tatu: ngumu, nusu, laini. Ikunje uone: upinde unakuwa mpana, hauna kona.

Kuna anayesema hewa ya ziwani ndiyo inayokula nyaya. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya Bahari ya Hindi. Chumvi inayotuharibia kazi ni ya jasho letu wenyewe, hasa kwa mwendesha bodaboda anayezivaa chini ya helmeti tangu asubuhi. Mrija wa pili unazuia jasho lisiingie kwenye mdomo wa pini.

Kutengeneza waya wako kuanzia mwanzo

Ukishaweza iafoni, waya wa kwanza kujitengenezea uwe wa simu kwenda kwenye amplifaya: pini ya 3.5 upande mmoja, pini mbili za RCA upande wa pili. Nunua waya wa sauti wenye nyuzi mbili na wavu wa shaba kuzizunguka. Wavu huo hunasa makelele ya umeme wa jirani kabla hayajaifikia sauti, kisha huyapeleka ethi. Waya wa taa hauna wavu, utavuma. Chuchu ya katikati ya RCA ni sauti, duara la nje ni ethi, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Menya, sokota wavu uwe mkia mmoja, paka risasi, chomelea kama ulivyojifunza. Urefu usizidi mita tano au sita. Zaidi ya hapo unaita mvumo.

Waya wa maiki ni kitu kingine, nao ndio unaowalipa mafundi wa Mwanza, kwa kuwa kila mtaa una kwaya na kila Jumamosi kuna sherehe. Kiunganishi chake ni XLR, ambacho mafundi wa muziki wanakiita kenoni kutokana na kampuni ya Cannon ya Marekani iliyokianzisha. Kina miguu mitatu. Wa 1 ni wavu. Wa 2 ni sauti iliyosimama wima. Wa 3 ni sauti ileile iliyopinduliwa. Miksa ikipokea, inatoa ya 3 kwenye ya 2: sauti inaongezeka, na mvumo ulionaswa sawasawa na nyuzi zote mbili unafutana. Ni mchezo uleule uliomfuta mwimbaji wa yule mwanafunzi, safari hii unatufanyia kazi. Kwa ajili hiyo waya wa maiki unaweza kutembea mita 50 na zaidi, kutoka madhabahuni mpaka kwa fundi aliyekaa nyuma ya kanisa, bila kulalamika.

Chomelea 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Kichwa chenye matundu kinakwenda kwenye maiki, chenye miguu kinakwenda kwenye miksa. Namba zimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye plastiki ya ndani; zisome hizo na usifuate picha uliyoikariri, kwa maana ukitazama kutoka upande wa kuchomelea, mpangilio umegeuka kama kwenye kioo. Na mbano wa ndani ubane ganda la nje, kama tulivyosema.

Halafu kuna mtego ulioninasa mimi mwenyewe. Sherehe moja hapa mjini walitaka muziki wa simu upite kwenye miksa, na tundu lililobaki lilikuwa la kenoni. Nikachukua pini ya 3.5, nikapeleka ncha kwenye mguu wa 2, pete kwenye wa 3, shina kwenye wa 1. Vitatu kwa vitatu, nikaona nimemaliza. Bibi harusi akaanza kuingia, wimbo ukapigwa, ala zikasikika ukumbi mzima na mwimbaji hakuwepo. Miksa ilikuwa ikitoa kulia kwenye kushoto, kama ilivyoumbwa kufanya. Wazee walidhani ni wimbo wa ala tupu wakasifu utulivu wake, ila mimi nililowa jasho.

Njia sahihi ni hii. Chukua rezista mbili za omu 1,000, zenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu. Moja itoke kwenye ncha, nyingine itoke kwenye pete, miisho yao ikutane kwenye mguu wa 2. Mguu wa 3 uuunganishe na wa 1, na shina liende hapohapo. Rezista zinaenea ndani ya ganda la kenoni. Usiziruke ukaunganisha kushoto na kulia moja kwa moja: kila upande wa simu utakuwa unausukuma mwenzake. Na kabla ya kuchomeka, zima volti 48 za maiki kwenye tundu hilo la miksa, la sivyo umeme huo unapanda kwenye simu ya mwenye sherehe.

Waya wa kutoka amplifaya kwenda spika usitengeneze kwa waya wa wavu. Huko umeme ni mwingi, unataka shaba nene ya nyuzi mbili, milimita mraba 1.5 au 2.5, hauhitaji wavu. Na mvumo ukikusumbua, usikubali kamwe shauri la kukata ethi ya plagi ya ukutani ili unyamaze. Unanyamaza kweli, lakini siku amplifaya ikivujisha umeme, mshika maiki ndiye anayekuwa ethi. Vyombo vyote vichukue umeme kwenye soketi moja. Mivumo mingi inaishia hapo. Unaobaki unatibiwa kwa kisanduku chenye transfoma kinachotenganisha ethi za sauti.

Kupima na kukunja

Waya mpya upimwe kwa mpangilio. Kila mguu na mwenzake wa upande wa pili: "pii". Kila mguu na jirani zake wote: kimya, isipokuwa pale ulipounganisha kwa makusudi. Kisha rudia ukiwa umeshika shingo moja na kuizungusha kama unayepiga makasia. "Pii" ikikatika hata mara moja, fungua. Ukipita, bandika kipande cha tepu ya rangi karibu na kila pini, urefu na mwezi uliotengenezwa. Baada ya mwaka utajua mwenyewe aina gani ya pini inadumu na ipi ya kuacha dukani.

Kukunja waya mrefu kuna adabu yake. Mzunguko wa kwanza uweke mkononi kawaida. Wa pili ugeuze kiganja, waya uingie kwa chini, kitanzi kilale kinyume. Wa tatu kawaida, wa nne kinyume, mpaka mwisho. Hivyo waya haujisokoti ndani, na ukiutupa sakafuni unafunguka ulivyonyooka. Funga kwa uzi wa nyavu, usitumie waya wenyewe kujifunga kiunoni. Ukimkuta kijana anazungusha waya wa maiki kati ya kiganja na kiwiko kama anakunja kamba ya ng'ombe, mfundishe kwa upole mara moja. Akirudia, mpe kazi ya kubeba spika.